Kupima Hewa ya Ndani katika Nyumba Zetu za Zamani

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wenye nyumba, wapangaji na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Mji wa Kale na Majengo, Mombasa. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Kabla sijaanza, naomba mkitazame kidude hiki nilichokiweka mezani. Ni kipimo cha kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Tulipofungua ukumbi huu saa nane mchana kilikuwa kikisoma 460. Sitasema zaidi kwa sasa. Tukiache hapo, tutakirudia.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupima hewa ya ndani katika nyumba za zamani. Mimi si daktari wala si mhandisi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwauliza wanaojua kisha kuwaletea majibu kwa lugha inayoeleweka. Lakini nilipoletewa mwaliko huu niliukubali siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna deni ambalo nimekuwa nikilibeba.

Kabla ya kuajiriwa na kaunti nilikuwa mtangazaji katika kituo kimoja cha redio hapa Pwani. Msimu mmoja wa masika nilisoma hewani ushauri kwa wakazi: mvua ikizidi na ukalazimika kupikia ndani, hakikisha makaa yameshika vyema nje kwanza, yawe mekundu yasiyo na moshi, ndipo uyaingize. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Hakuna aliyenisahihisha, kwani karibu kila mtu katika chumba cha habari aliamini hivyo. Ndivyo tulivyolelewa.

Wiki chache baadaye, katika nyumba ya nyanya yangu kule Kibokoni, mpangaji wa chini alifanya hivyo hivyo. Ni mama mwenye watoto wawili. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi. Akapika, akaliacha jiko ndani ili joto lililobaki likaushe sare za shule, akafunga dirisha kwa sababu ya mvua, wakalala.

Nyanya aliamka kwa ajili ya alfajiri, akasikia mtoto analia kwa sauti isiyo ya kawaida, kama mtu aliye mbali. Akateremka, akagonga, mlango haukufunguliwa. Vijana wa jirani wakavunja komeo. Mtoto mkubwa alikuwa akitapika. Mama na yule mdogo walikuwa hawaamki. Walipofikishwa katika hospitali ya karibu, kitu cha kwanza kilichodhaniwa ni chakula kibaya. Kile kifaa cha kubana kidoleni kilionyesha kwamba oksijeni yao iko sawa. Ni nyanya aliyesema, “Mwanangu, kulikuwa na jiko ndani.” Hapo ndipo wakawekewa oksijeni kwa haraka na kuhamishwa. Wote watatu wako hai leo. Mama yule hajawahi kuniambia kama alilisikia tangazo lile redioni, nami sijathubutu kumuuliza.

Kwa hivyo jambo la kwanza nililokuja kusema hapa ni kusahihisha maneno yangu. Makaa mekundu yasiyo na moshi si salama ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi na sumu ni vitu viwili tofauti. Moshi unauona, unakutoa machozi, unakufukuza. Sumu inayoua usiku ni kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Makaa hutoa moshi kidogo kuliko kuni, ndiyo maana tunayapenda, lakini yanatoa gesi hii kwa wingi, na huendelea kuitoa hata yanapoelekea kuwa majivu.

Inaua namna gani? Chembe nyekundu za damu kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi hujishika na chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama matatu iliyojaa abiria wasiotaka kushuka: gari linatembea, lakini wewe uliye kituoni hupandi. Na kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba gesi hiyo. Kinaona tu kwamba gari limejaa, kinaandika namba nzuri. Wahudumu wa afya mliopo hapa, hilo naomba mlibebe: mkikuta watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na kutapika, na hawana homa, ulizeni kama kulikuwa na jiko, jenereta au stovu ndani. Anayeanguka atolewe nje kwenye hewa wazi kwanza, ndipo mpige 999 au 112. Mama mjamzito awahishwe hospitalini hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia zaidi yake.

Nyumba ilikuwa ikipumua

Mtu ataniuliza, kwa nini tuzungumzie nyumba za zamani? Kuna wanaodhani nyumba ya zamani ni mbaya kwa sababu ni ya zamani. Mimi naona kinyume chake. Aliyejenga nyumba ya Mji wa Kale alielewa hewa kuliko wengi wanaochora ramani leo. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia joto. Dari zimeinuliwa juu, zikabebwa na boriti za mikoko. Madirisha yanatazamana, na katikati kuna uwazi ambao hewa ya moto hupandia na kutokea juu. Ukienda Majengo, nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaoanza mlango wa mbele hadi uani, vyumba kulia na kushoto, na jiko liko uani, halimo chumbani. Upepo ukivuma unapita moja kwa moja.

Kilichoharibika ni yale tuliyoyafanya baadaye. Uwazi wa katikati ukaezekwa mabati ili tupate chumba cha kupangisha. Chumba kimoja kikagawanywa kwa mbao nyembamba kikawa viwili, na cha ndani hakina dirisha hata moja. Ua ukajengwa, jiko likahamia ukumbini, na kutoka ukumbini likaja nyuma ya pazia, mita mbili kutoka kitandani. Dirisha la mbao lenye mianya likaondolewa, likawekwa la kioo lisilofunguka kwa sababu ya kiyoyozi. Na kuta za chokaa, ambazo zilikuwa zikinyonya unyevu na kuutoa, tukazipiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta. Maji yakabaki ndani ya ukuta, chumvi ikatoka, kuvu ikaota. Silaumu mtu. Kodi ni kodi, na familia huongezeka. Lakini tunapopima hewa, tunachotafuta ni mahali tulipoiziba pumzi nyumba ambayo ilikuwa ikipumua.

Anza na macho, pua na kijiti cha udi

Kabla ya kununua chochote, kuna mengi unayoweza kuyajua bila senti. Inua macho utazame dari na kona za ukuta. Utando wa buibui uliogeuka mweusi ni masizi. Pitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya kabati mahali pasipofutwa mara kwa mara. Kikitoka cheusi badala ya rangi ya vumbi, moto wako unaingia mapafuni mwenu. Toka nje dakika kumi kisha urudi, kwa sababu pua huzoea: harufu unayoikuta mlangoni ukirudi ndiyo ambayo watoto wako wanakaa nayo siku nzima. Na jiulize, ni nani katika nyumba hii anaamka na kichwa kinachouma na kupona akishafika kazini au shuleni?

Kisha fanya jaribio la kijiti cha udi. Washa kimoja, simama katikati ya chumba wakati ambapo huwa mnalala, madirisha yakiwa kama mnavyoyaacha usiku. Uangalie moshi. Ukivutwa upande mmoja na kutoka, hewa inapita. Ukipanda wima na kutanda darini kama wingu, chumba hicho hakipumui. Nenda chumba kwa chumba, usikiache kile cha ndani kabisa anacholala mzee au mgonjwa. Kwetu hapa fanya jaribio hilo mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa kaskazi na mara moja wakati wa kusi. Dirisha linaloingiza upepo Januari linaweza kuwa limekufa Julai.

Najua baadhi yenu mmecheka niliposema udi. Hapo nitaomba radhi mapema, kwa maana najua naingia pabaya. Udi na ubani ni heshima ya nyumba zetu, nami nyumbani kwangu chetezo hakikosi siku ya Ijumaa. Lakini ndani ya chetezo kuna kaa la moto, na juu yake kitu kinachofuka. Kipimo cha chembe hakijui kwamba moshi huu ni wa baraka na ule ni wa kuni. Fukiza madirisha yakiwa wazi, kisha chetezo kitolewe nje, kisilale na watoto. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma: watafiti waliwahi kukadiria kwamba kipande kimoja kikiungua chote kinatoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi.

Vipimo vya dukani

Tukija kwenye vifaa, kuna vitatu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvinunua au kuchangia na majirani. Kimoja cha ghorofa nzima kinatosha, kikizunguka.

Kama fedha ni za kifaa kimoja tu, basi kiwe kengele ya kaboni monoksaidi. Hii haihitaji usomi. Inakaa ukutani au juu ya kabati katika chumba cha kulala, na gesi ikizidi inalia. Wengine huuliza mbona haikulia walipoisogeza juu ya jiko kwa dakika moja. Imetengenezwa hivyo. Kengele za viwango vya Ulaya, kwa mfano, zinapaswa kulia baada ya saa moja hadi moja na nusu gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni, ndani ya dakika 10 hadi 40 ikiwa 100, na ndani ya dakika tatu ikiwa 300. Inahesabu kiasi na muda, kama damu yako inavyohesabu. Ikiwa yako ina kioo cha namba, mjue kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asikae saa nane katika hewa yenye wastani wa zaidi ya miligramu 10 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama sehemu tisa kwa milioni. Bonyeza kitufe cha majaribio kila wiki. Tazama pia tarehe iliyoandikwa nyuma, kwa kuwa kiini chake huchakaa baada ya miaka michache hata kama betri ni mpya. Kengele iliyopitwa na wakati ni pambo.

Cha pili ni kipimo cha chembe ndogo, zile wataalamu wanazoziita PM2.5. Ni chembe zenye upana usiozidi sehemu 2.5 za elfu ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya mara 20. Kwa udogo huo hazizuiliwi na pua; zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Kikohozi cha nyanya kisichokwisha, nimonia ya mtoto, kiharusi, vyote vina uhusiano nazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Wengi wao hawakufa ghafla kama ambavyo familia ile ya Kibokoni ingekufa. Walikohoa.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu kifaa hiki ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Mtu anakinunua, anakiweka kando ya sufuria, namba inaruka, anapiga picha na kuituma kwenye kundi la mtaa: tunakufa! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, lakini huo ni wastani wa saa 24. Huwezi kulinganisha dakika ya kukaanga samaki na wastani wa siku nzima. Kiweke mahali watu wanapopumulia, kimo cha mtu aliyeketi, mbali kidogo na jiko na mbali na dirisha. Kiache usiku na mchana, angalau siku mbili, moja yenye mapishi ya kawaida na moja ya mwisho wa wiki. Kisha chukua daftari. Andika saa za kuwasha jiko, kuzima, kufukiza, kufagia, kufungua dirisha. Daftari hilo lina thamani kuliko kifaa chenyewe, maana kifaa kitakuambia kiasi gani, lakini daftari ndilo linalokuambia kwa sababu gani. Mara nyingi utakuta siku nzima ni shwari na balaa lote limo katika saa mbili za jioni. Hizo saa mbili unaweza kuzitibu.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo yaliyo ndani ya boksi hayatakueleza, kwa kuwa boksi halikuandikiwa Mombasa. Vipimo hivi vya bei nafuu hutumia mwanga wa leza kuhesabu chembe, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunyonya maji na kuvimba. Kifaa kinaziona kubwa na kusoma zaidi ya ukweli. Hewa yetu ina unyevu karibu mwaka mzima. Dawa yake ni kupima nje pia, siku hiyo hiyo, kivulini, mbali na barabara yenye malori. Ikiwa ndani na nje ni karibu sawa, tatizo ni la mji, tulijadili pamoja katika vikao vya wadi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, na mna haki ya kutuuliza. Ikiwa ndani ni mara tatu au nne ya nje, tatizo limo ndani ya nyumba yako, na hakuna askari wa kaunti atakayekuja kukufungulia dirisha.

Cha tatu ni hiki kilicho mezani. Nitakuja kwake.

Unyevu nao una kipimo chake kidogo, cha bei ya chini, lakini nawatahadharisha na ushauri wa intaneti. Utasoma kwamba unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Ushauri huo ni mzuri kwa nchi ambako nje ni kukavu. Hapa nje penyewe mara nyingi panapita kiwango hicho, kwa hivyo utahangaika bure. Swali lenye maana kwetu ni maji yanatoka wapi, na jibu lake unalipata kwa karatasi ya plastiki. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni chenye ukubwa wa kitabu, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, uache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani: bomba linavuja, paa limetoboka au maji yanapanda kutoka chini. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Ukishajua hivyo hutapoteza fedha kupaka rangi mpya juu ya kuvu, kazi ambayo nimeiona ikirudiwa kila Ramadhani inapokaribia. Na ukuta wa chokaa ukarabatiwe kwa chokaa. Fundi akikuambia simiti ni imara zaidi, mwambie ukuta huo umesimama kabla babu yake hajazaliwa.

Yasiyopimwa na mtu wa kawaida

Yako mambo mawili ambayo nawaomba msijaribu kuyapima wenyewe. La kwanza ni mapaa ya asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na simiti, yaliyoezekwa katika kota nyingi na baadhi ya shule za zamani. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani inaweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Huwezi kuitambua kwa hakika kwa macho. Maabara ndiyo inayojua. Paa likiwa zima na halijavunjwa, hatari ni ndogo. Usilitoboe, usilisugue, usilikate, na kipande kilichoanguka kisigeuzwe kifuniko cha pipa wala kuta za banda la kuku. Kwa kanuni zetu za mazingira hiyo ni taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni. Wasilianeni na ofisi ya NEMA kabla ya kupandisha fundi.

La pili ni rangi za zamani zenye madini ya risasi. Rangi inayobanduka mlangoni au dirishani mwa nyumba ya miaka mingi isipigwe msasa ikiwa kavu, hasa penye watoto wanaotambaa. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Loweka kwanza, kwangua taratibu, kusanya vipande, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu radoni, gesi inayotoka ardhini, aliyoisikia kwa mwanawe aliye Uingereza. Huko nyumba zimefungwa kwa baridi, ndiyo maana wanaisumbukia. Katika nyumba yenye madirisha wazi hapa pwani singeiweka mbele ya jiko la makaa. Walio jirani na Mlima Mrima kule Kwale, ambako mawe yana mionzi ya asili kuliko kawaida, hao wana sababu ya kuulizia.

Namba zikiwa mbaya

Sasa tuseme umepima, na namba si nzuri. Wengi wenu hapa ni wapangaji, na nimeshasikia minong’ono: dirisha ni la mwenye nyumba. Ni kweli. Lakini daftari la siku mbili lina nguvu kuliko malalamiko. Mpangaji akimwendea mwenye nyumba na kusema “chumba kina joto,” atajibiwa anunue feni. Akimwonyesha kwamba kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku hewa ya ukumbi haipumuliki kwa sababu mabati yameziba uwazi wa katikati, kuna la kuzungumza. Pengine ni kuinua mabati hayo futi moja ili hewa itokee pembeni na mvua isiingie. Pengine ni kukubaliana wapangaji wote kwamba jiko linakaa uani, na mwenye nyumba aezeke kibanda kidogo cha kupikia wakati wa mvua. Nawaomba wenye nyumba: kibanda hicho ni ghali kuliko tangazo la redio, lakini mpangaji wenu ataamka asubuhi. Wale wa Mji wa Kale, kumbukeni kwamba eneo ni la uhifadhi. Kabla ya kutoboa dirisha jipya pitieni ofisi ya uhifadhi. Kufungua dirisha la zamani lililozibwa ni rahisi zaidi, nayo ni kazi ambayo wahifadhi wenyewe wataifurahia.

Gesi ya mtungi inapunguza moshi sana, na anayeweza kuhamia ahamie. Ijaribuni mipira na viungo kwa povu la sabuni kila mnapobadilisha mtungi. Lakini sitawaambia kwamba gesi inaondoa haja ya dirisha, wala sitajifanya sijui kwamba wiki ya mwisho wa mwezi wengi hurudi kwenye makaa. Basi makaa yawe nje, au mlangoni penye upepo, na yakitumika ndani kwa dharura, jiko litoke kabla ya mtu wa kwanza kulala. Sheria hiyo iwe ya nyumba nzima. Mama wa Kibokoni alijua kuzima taa na kufunga mlango. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya jiko isipokuwa mimi, nami nilimwambia uongo bila kujua.

Nimalizie na kidude changu. Hiki hakipimi sumu, kinapima pumzi zetu. Nje hewa ina kaboni dayoksaidi kama sehemu 420 hivi kwa milioni. Tangu mwaka 1858 mwanasayansi wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, alishapendekeza kwamba ikipita 1,000 ndani ya chumba, hewa haibadilishwi vya kutosha. Kwa nini tujali? Kwa sababu hewa niliyoitoa mimi ndiyo unayoivuta wewe. Mtu mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza dawa akikohoa katika chumba kisicho na dirisha, vijidudu huelea humo kwa saa nyingi. Katika chumba kinachopitisha upepo vinasambazwa na kutolewa. Wahudumu wa afya, mfuko wenu una mashine ya presha na ya sukari, kipimo cha hewa hakimo. Kijiti cha udi kitawatosha kwa kuanzia: mkiingia nyumba yenye mgonjwa wa kifua, kabla ya kuuliza dawa, tazameni moshi unaelekea wapi.

Tulianza na 460. Tumekaa hapa dakika arobaini, tuko kama watu themanini, na kwa sababu ya kelele za barabarani tulifunga madirisha. Sasa hivi kinasoma 1,870. Ndiyo maana yule baba wa safu ya tatu amesinzia, si kwa sababu ya hotuba yangu, au angalau nataka kuamini hivyo.

Kijana uliye karibu na mlango, tufungulie hayo mawili ya upande wa bahari, na wewe mwenzake yale ya kwako yanayotazamana nayo. Yote mpaka mwisho, kelele tutazivumilia. Vizuri. Sasa, maswali. Mama mwenye leso ya kijani, karibu.